Siku kumi za mwisho za muhula katika kwaya ya wavulana

Shule nyingi za bweni za wavulana huku Uganda huweka ibada ya karoli usiku wa kuamkia kufunga shule. Sababu inaeleweka: mitihani ya ndani imekwisha, wazazi wanakuja kuchukua watoto, na mkuu wa shule anapata kanisa lililojaa bila kualika watu mara mbili. Kwa kwaya, huo ndio usiku mbaya kuliko yote ya muhula wa tatu. Mchana wake bweni limefagiliwa, magodoro yamekung'utwa, masanduku ya bati yameburutwa sakafuni, na wavulana wamepiga kelele tangu alfajiri. Wengine wamechukuliwa na wajomba zao saa nne asubuhi. Jioni mwalimu anayetegemea waimbaji arobaini anakuta thelathini na mmoja, na nusu yao koo zimekauka.

Iwekeni siku tano kabla. Kama shule inafunga Ijumaa, ibada iwe Jumapili jioni. Wazazi wa mbali hawatafika wote, ni kweli, na hilo linauma. Lakini siku tano zinazobaki zinatosha kwa kazi ambayo kwaya nyingi haziifanyi kabisa: kuhesabu nakala, kufua majoho, kuhifadhi ngoma, na kupima sauti ya kila mvulana kabla hajaenda likizo ndefu kuliko zote za mwaka, ile ya Desemba na Januari. Kwaya inayorudi Februari ikiwa imevurugika, mara nyingi ilivurugika Desemba.

Kwanza jueni mna nani. Watahiniwa wa kidato cha nne huwa na karatasi zao za UNEB, baraza la mitihani la taifa, tangu Oktoba, na wa kidato cha sita hufuata Novemba hadi Desemba. Hao ndio besi zenu, sauti nzito za chini, na tena zenu nzuri, ile sauti ya kiume ya juu (tenor). Mwalimu aliyefundisha karoli za sauti nne tangu Septemba akiwategemea atabaki na jengo lisilo na msingi. Tangu wiki ya kwanza ya muhula, besi wapewe wavulana wa kidato cha tano, na wa kidato cha tatu ambao sauti zao zimeshatulia. Mtahiniwa akija ibadani, aje kama nyongeza. Na kama besi ni watatu tu, punguzeni: sauti tatu zilizojaa ni bora kuliko nne ambazo moja inanong'ona. Muwe makini na sauti ya tena. Mvulana wa kidato cha tatu akilazimishwa kupanda juu kwa nguvu miezi mitatu mfululizo anazoea kukaza shingo, na tabia hiyo haiondoki upesi.

Mazoezi ya wiki mbili za mwisho yawe saa kumi na nusu hadi saa kumi na moja na nusu jioni, si baada ya chakula cha usiku. Usiku wavulana wamechoka, na mwili uliochoka haushikilii pumzi. Kuna pia jambo la hapa kwetu: ni msimu wa senene, wale panzi wa kuliwa. Waganda wameuita mwezi wa Novemba Musenene kwa sababu yao. Mvua ikikatika jioni, taa ya nje ya ukumbi inawavuta kwa maelfu, na hakuna mwalimu atakayewashika wavulana ndani wakati wenzao wako nje na ndoo. Si utovu wa nidhamu, ni chakula kitamu kilichoshuka chenyewe. Fanyeni mazoezi mapema, kisha waacheni. Waambieni tu wasile senene wa kukaanga muda mfupi kabla ya kuimba. Chumvi inakausha kinywa, na vipande vya miguu na mabawa hukwama kooni, mtoto akakohoa ubeti mzima.

Sasa matamshi, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu karoli za Kiswahili ndizo zinazoharibiwa zaidi na ndizo zinazorekebishika kwa urahisi. Wavulana wote wanakijua Kiswahili cha kuimba kwa kiasi fulani, maana wimbo wa Jumuiya ya Afrika Mashariki uko kwa Kiswahili na wanauimba shuleni. Tatizo la kwanza ni L na R. Katika Luganda, R huja baada ya E au I, na L huja kwingine kote. Mvulana aliyekulia na Luganda akiachwa na mazoea yake ataimba “mirere” badala ya milele, “shangirieni” badala ya shangilieni, “fulaha” badala ya furaha, “balaka” badala ya baraka. Hakosei ovyo. Anafuata kanuni, na kanuni hiyo ndiyo inayompa mwalimu njia ya mkato. Chukua karatasi ya wimbo na kalamu nyekundu. Pigia mstari kila L inayofuata E au I, na kila R inayofuata A, O au U. Hayo ndiyo maneno ya kufundisha. Yaliyobaki, kama malaika, heri, amezaliwa, yatatoka sawasawa yenyewe. Karoli yenye beti nne huwa na maneno kama hayo machache, na dakika kumi zinatosha: yasemeni bila sauti ya wimbo, polepole, kwa mapigo yake. Kwenye L ncha ya ulimi inakaa juu, nyuma ya meno. Kwenye R inagonga mara moja na kuondoka.

La pili ni DH. “Zambi” badala ya dhambi imeenea hata kwa watu waliozaliwa ndani ya Kiswahili cha bara, kwa hiyo wavulana wa Busia na Tororo, kule mpakani na Kenya, ambao kwa kawaida ndio tunaowategemea kwa matamshi, hawatasaidia sana hapa. Mwambie mtoto atoe ncha ya ulimi katikati ya meno na apulize kwa sauti. Watacheka siku ya kwanza. Siku ya tatu wanaweza. La tatu ni mkazo. Kiswahili huweka mkazo silabi ya pili kutoka mwisho, lakini karoli nyingi zimetafsiriwa juu ya muziki wa lugha nyingine, na pigo zito linaangukia pasipostahili. Mwokozi ikiangukiwa na pigo kwenye “zi” inasikika kama neno la kigeni. Huwezi kubadilisha muziki, lakini unaweza kuwaambia wavulana waipunguze “zi” na waielemee “ko”, hata kama “ko” ni noti fupi.

Kushuka sauti ni ugonjwa wa mwisho wa muhula. Kwaya inaanza wimbo bila kinanda, inafika ubeti wa nne, kinanda kinaingia, na kila mtu kanisani anasikia kuna kitu kimevunjika. Sababu zinajulikana. Wavulana waliochoka huimba mi na ti chini kidogo ya mahali pake. Noti ikirudiwa mara nyingi kila rudio linateremka. Na wanaopiga kelele hushuka zaidi ya wanaoimba kwa sauti ya kati. Dawa ya haraka: wasimame, wasiegemee ukuta, waimbe ubeti mmoja kwa solfa tupu (do, re, mi), huku mwalimu akiinua mkono kila mi na kila ti, kisha wimbo wenyewe upandishwe nusu toni. Mara nyingi wimbo unaoshuka ukiwa kwenye F hukaa vizuri kwenye F-shapu, kwa sababu sauti zinaondoka kwenye kile kipande cha katikati ambapo mvulana hajui kama atumie sauti ya kifua au ya kichwa.

Msitegemee kinanda kuwapa noti ya kuanzia, maana umeme unakatika hasa jioni ya mvua. Nunueni ule uma wa chuma unaotoa A, mkamfundishe kiranja wa kwaya kuutumia. Aubandike mgongoni mwa kitabu chake mpango huu mfupi: wimbo ukiwa kwenye C, A ni la, kwenye D, A ni so, kwenye F, A ni mi, kwenye G, A ni re, kwenye B-flati, A ni ti. Anagonga uma gotini, si kwenye benchi, anaushika karibu na sikio, anaimba jina la noti hiyo kimoyomoyo na kuteremka hadi do. Kiranja anayeweza hivyo hahitaji umeme.

Afya ya koo kwa siku hizo ni mambo machache. Usafi wa bweni usifanywe siku ya ibada wala siku moja kabla. Kukung'uta magodoro na kufagia sakafu kavu kunainua vumbi ambalo linakaa kooni hadi kesho yake. Nyunyizeni maji kabla ya ufagio. Dawa ya kunguni ipulizwe wavulana wakishaondoka, kamwe si wakati bado wanalala humo. Maji wanywe tangu asubuhi, kidogo kidogo, si lita nzima dakika tano kabla. Mayai mabichi ambayo wavulana wanaambizana hayafanyi kitu, kwa sababu kinachomezwa hakipiti kwenye nyuzi za sauti. Tangawizi na asali hutuliza koo, lakini hazirudishi sauti iliyokwisha. Peremende za kutia koo ganzi ni hatari kuliko zinavyoonekana: zinaficha maumivu, mtoto anaendelea kulazimisha. Na aliyekauka sauti asinong'one. Kunong'ona kwa nguvu kunachosha koo pia. Anyamaze, au aseme kwa sauti yake ya kawaida, ndogo.

Ibada yenyewe wengi mnaijua. Ule mpangilio wa masomo tisa na karoli ulianzia Truro, Uingereza, 1880, ukajulikana duniani kupitia kanisa la King's College, Cambridge, tangu 1918. Huku shule nyingi huupunguza hadi masomo sita, na ni sawa. Wavulana wamesimama tangu saa kumi na mbili jioni. Nina ombi moja tu, kuhusu ubeti wa kwanza unaoimbwa na mvulana mmoja peke yake. Tayarisheni watatu, na msiseme ni nani hadi wakiwa wamesimama mlangoni. Mvulana wa miaka kumi na tatu aliyejua wiki nzima kwamba ni yeye halali, na asubuhi ya ibada unaweza kukuta sauti yake ya juu haipo, si kwa woga pekee bali kwa sababu umri wake ndio huo. Watatu walio tayari wanapunguza hofu kwa wote, na wawili ambao hawakuchaguliwa wapewe ubeti mahali pengine jioni hiyo hiyo.

Mishumaa: iwe mifupi na minene, kila mmoja ukatiwe kikombe kutoka kitako cha chupa ya plastiki, na ndoo ya mchanga isimame kila mwisho wa mstari. Nta ikimwagikia joho, weka karatasi ya kaki juu yake na upitishe pasi yenye moto wa wastani.

Majoho na nakala vikusanywe palepale mlangoni, ibada inapokwisha, kabla mvulana hajakumbatiana na mtu. Njia iliyo rahisi ni namba moja kwa vitu vyote: joho namba 17, kola namba 17, faili la nyimbo namba 17. Wavulana wawili wanasimama na orodha, mmoja anapokea joho, mwingine faili, na jina halipigiwi alama mpaka vyote vimefika. Nakala ikishaingia bwenini imekwenda. Utaipata Februari chini ya sanduku, imefunikwa kwa mafuta ya kujipaka, au hutaipata. Yafueni majoho mekundu peke yake, kwa maji baridi, kwanza moja kwa majaribio. Kitambaa chekundu cha bei nafuu huchuja rangi, na kola nyeupe moja iliyosahaulika ndani ya beseni inatoka ya waridi, haisafishiki tena. Yaanikwe kivulini, yakiwa yamegeuzwa ndani nje. Yasihifadhiwe na unyevu wowote, hata ule mdogo wa pindo. Mwezi mmoja ndani ya sanduku lililofungwa ni madoa meusi ya ukungu.

Nakala zikae kwenye sanduku la plastiki lenye kifuniko, juu ya matofali mawili, mbali na ukuta kwa upana wa mkono. Mchwa hupanda ukutani, na boksi la karatasi lililowekwa sakafuni ni mwaliko. Ondoeni pini za chuma kwenye nakala za zamani kabla hazijashika kutu, mzishone kwa uzi.

Ala za muziki ndizo zinazosahaulika kuliko vyote, labda kwa sababu zinaonekana ngumu. Anzeni na amadinda, ile marimba ya mbao. Vipande vyake kumi na viwili, ambavyo kwa desturi huchongwa kwa mti wa lusambya, vimelala juu ya migomba miwili, vikitenganishwa na vijiti vilivyochomekwa. Mgomba ule umekatwa mwezi uliopita. Sasa umelainika, umeanza kutoa maji na harufu, na vijidudu wameingia. Kuviacha vipande juu yake kwa likizo nzima ni kuviozesha kwa chini. Hivyo basi: andika namba kwa rangi upande wa chini wa kila kipande, kutoka 1 kikubwa hadi 12 kidogo, kabla ya kukiondoa. Futa kwa kitambaa kikavu. Angalia matundu madogo yenye unga mweupe. Kipande chenye unga kitengwe na vingine, maana wadudu wanahama. Vilaze bapa, na vijiti kati yake hewa ipite, kwenye chumba kikavu kisicho na jua la moja kwa moja. Vijiti vya kutenganisha vifungwe pamoja. Migomba itupwe shambani, ng'ombe wakiipata wanafurahi. Februari mtakata mipya.

Msishawishike kukwangua kipande kwa sababu “hakilingani” na kinanda. Amadinda haikusudiwi kulingana nacho. Noti zake tano zimegawanya oktavu karibu sawasawa, kwa hiyo pengo kati ya noti na noti ni kubwa kuliko toni nzima na dogo kuliko toni na nusu. Kinanda hakina pengo hilo. Ndiyo maana karoli ya kinanda ikipigiwa amadinda inasikika chungu. Iacheni amadinda ichezwe na ngoma na sauti peke yake, kwenye wimbo wenye asili yake. Kukwangua katikati kwa chini kunashusha noti, kwenye ncha kunaipandisha, na ubao ukishaondoka haurudi.

Engalabi, ile ngoma ndefu ya ngozi ya kenge, ina tatizo la kinyume. Msimu wa mvua za Septemba hadi Novemba ngozi imelegea, na wavulana wameizoea kuiota kwenye moto wa majani kila kabla ya kuimba. Wanachosahau ni kwamba Desemba kiangazi kinaingia. Ngoma iliyokazwa kwa moto kisha ikawekwa stoo chini ya bati, kwenye joto la mchana, ngozi inazidi kukaza hadi inachanika pale kwenye vigingi vya mti. Msiiote tena baada ya ibada. Iwekeni chini, si rafu ya juu, ifunikwe kwa gunia la nyuzi na siyo plastiki. Adungu, kile kinubi, legezeni nyuzi zake, mzunguko mmoja wa kigingi kwa kila uzi, ili mkono wake usiendelee kuvuta mwili kwa wiki nane. Msizitoe kabisa.

Siku ya kuondoka haina kazi ya kwaya, na isiwe nayo. Wa Arua, Moyo na Kisoro wanatoka gizani kuwahi mabasi, wa karibu wanangoja wazazi hadi alasiri, na mwalimu akijaribu kukusanya watu kwa lolote siku hiyo anajisumbua.

Kwa hiyo sauti zipimwe Jumatatu hadi Jumatano, baada ya ibada, dakika nne kwa kila mvulana, mlango umefungwa. Anahesabu kutoka ishirini hadi moja kwa sauti ya kuongea. Tafuta kwenye kinanda noti anayoizungukia, iandike. Kisha aimbe so-fa-mi-re-do kwa silabi “nu”, kutoka katikati kwenda chini nusu toni kwa nusu toni, halafu kutoka katikati kwenda juu. Andika noti ya chini iliyo safi, ya juu iliyo safi, na pale hewa inapoanza kuvuja. Tarehe. Kadi moja kwa kila mtoto. Linganisha na kadi ya Septemba. Akiwa anaongea chini zaidi kwa nusu toni tatu au nne, na juu hewa inavuja, jua kwamba soprano huyo huenda asirudi soprano.

Mwambie hapo hapo, akiwa peke yake, asije akaligundua Krismasi mbele ya shangazi zake waliomwomba aimbe. Mwambie sauti haikuharibika na hakuna alichokosea. Asiimbe juu likizoni, aimbe taratibu pale panapomtosha, hata kama ni noti sita tu. Mwambie pia nafasi yake Februari: atakaa kati ya alto na tena, ataimba zile noti sita, atashika uma wa A na kuipa kwaya do. Mpe kadi yake aione, kisha irudi kwenye faili lenye namba yake.